Zipu ya Zimwi la Mgodini

Bibi anayeandika habari za filamu za kale huja kila Jumamosi mchana, hukaa safu ya tatu, na huandika gizani bila kutazama daftari. Mimi ndiye mkata tiketi wa sinema hii hapa Los Angeles, kwa hiyo namjua kwa mikono: vidole vyeusi kwa penseli, bisi anazila moja moja, na viwiko vya sweta lake vina viraka vya mishono midogo mno. Hacheki, hapigi makofi.

Jumamosi iliyopita tulionyesha ile filamu ya zimwi la mgodini, ambayo watazamaji wetu wameigeuza sherehe. Zimwi likigeuka, zipu huonekana mgongoni, na ukumbi mzima hupiga kelele, "Zipu! Zipu!" Jamaa mmoja nyuma ya bibi akasimama. "Jamani, fundi gani alishona takataka hii?"

"Mama yangu," bibi akajibu bila kugeuka, penseli ikiendelea. "Walimpa siku moja tu. Kaa chini bwana, unawaziba wenzako."

Jamaa akakaa. Jumatatu nikasoma makala ya bibi. Aliiponda filamu nzima: waigizaji, taa, hata vumbi la mgodi. Zipu peke yake hakuigusa.