Sura ya Dhapu kwenye Pakiti

Kwa miaka arobaini Dhapu alichuma dhamasa, kijimti cha miiba kinachotambaa kwenye mchanga wa jangwa la Thar, India, na upande wote ule wa mji wa Jaisalmer walijua anakitumiaje. Alikichemsha kwa homa za joto, alikiponda kwa majipu, aliwapa wenye vidonda vya kinywa maji yake wasukutue. Basi. Ugonjwa mwingine ukimjia alisema, "Huo si wangu, nenda hospitali." Ndivyo baba yake alivyomfundisha Ayurveda, tiba ya jadi ya kwao.

Kiangazi kimoja Khetaram, mkulima wa mbali, alishuka kwenye gari amembeba mkewe Mohri, mwepesi kama mtoto. Akatoa pakiti ya unga. Juu yake palikuwa na sura ya Dhapu, hata kipini chake cha puani, na maneno: Dhamasa, huponya saratani.

"Mama, ametumia miezi mitatu," alisema. "Sindano za hospitali tuliacha. Tukaona tuje kwako mwenyewe, pengine unga umeishiwa nguvu."

Dhapu aliigeuza pakiti mkononi. Picha ile aliipiga Navneet, mwenye duka la mitishamba mjini, akidai ni ya ukumbusho.

"Mwanangu, mimi sijasema hivyo maishani. Mrudishe hospitali. Leo! Twendeni, tutapitia mjini."

Duka lilijaa watu.

"Navneet!"

"Aa, mama! Karibu chai."

"Chai yako kawape mbwa! Lini nilikwambia dhamasa inaponya saratani?"

"Punguza sauti, mama. Ni biashara tu. Jani lenyewe halimdhuru mtu."

"Halidhuru? Toka nje umtazame aliyelala kwenye gari! Alikuwa akinywa jani huku uvimbe unamla!"

Navneet aliinamia mizani yake. Dhapu alivuta pakiti rafuni, akazipasua moja moja, unga ukatimka. Kisha akawageukia wateja.

"Nani humu ana mgonjwa wa saratani nyumbani?"

Mikono mitatu ilinyanyuka, polepole. Hapo ndipo alipolia, kwa hasira.

Maofisa wa afya walipopata habari walilifunga duka mwezi mzima. Lilipofunguliwa, pakiti zilikuwa zilezile, ila sura ilikuwa ya bibi mwingine. Mohri alirudishiwa sindano, lakini daktari alisema miezi ile ilikuwa imekwenda na bahati yake. Alifariki kabla ya sikukuu ya Diwali.

Dhapu hakwenda kumpa pole Khetaram kwa maneno. Alikaa naye uani siku nzima, meno yameumana. Siku hizi akisikia Navneet anatajwa, hutema mate chini.