Maziwa ya Mpunga

Mwezi uliopita, kwenye semina ya wastaafu pale Mpanda, kijana mwenye kipaza sauti alitugawia karatasi tuandike kusudi la maisha yetu. Alisema asiyelijua ameishi bure. Nilichukia, maana nilimkumbuka bibi yangu.

Alasiri moja ya utotoni, mimi na bibi tulikuwa juu ya dungu, kichanja cha miti kwenye shamba letu kijijini Mamba, tukilinda mpunga. Kamba yenye makopo matupu ilikatiza shamba, na kazi yangu ilikuwa kuivuta ndege wakitua. Tope lilinuka majani yaliyooza, na kwa mbali mtu alikuwa akitwanga. Mwalimu alikuwa ametuuliza darasani tunataka kuwa nani, basi nami nikamuuliza bibi yeye alitaka kuwa nani.

"Vuta kamba, ndege wanatua," akasema.

"Hujanijibu, bibi."

Akachuma punje moja changa, akaibinya kwa ukucha, na yale maziwa yake meupe akanipaka ulimini. Yalikuwa matamu kidogo. Alinitazama nikimeza, akacheka, akarudisha macho shambani. Mimi nilinuna, nikamwona mtu asiyewahi kutaka kitu chochote.

Huyo ndiye aliyeishi bure? Wali wote tuliokula nyumbani ulipita mikononi mwake.

Kwenye karatasi ya semina niliandika mstari mmoja. Kijana akausoma kwa sauti: "Vuta kamba, ndege wanatua." Akanitazama kwa huruma.

"Mama, hujajibu swali."

"Hata mimi nilimwambia bibi hivyo hivyo," nikasema. "Lakini mimi nilikuwa na miaka tisa."