Jina la Mwenye Ardhi

Kwetu milimani ardhi ni ya ukoo wa mama. Baba anaoa, analima, anazeekea hapo hapo, lakini shamba linabaki la wajomba. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma, na ndiyo maana mpaka leo sijajisamehe.

Mdogo wangu wa kike alikuwa darasa la sita tulipoanza kujenga sekondari yetu. Iliyokuwepo ilikuwa bondeni, njia ya Mkuyuni, na wasichana waliokwenda kupanga vyumba huko wengi walirudi bila cheti. Wajomba wakatoa eneo. Gari halipandi kwetu, kwa hiyo mawe na mchanga tulibeba kichwani, kila kaya na zamu yake. Mama alibeba ndoo za mchanga hadi shingo ikawa haigeuki. Halmashauri iliahidi kwamba boma la kuta likifika kwenye linta, juu ya milango na madirisha, wao wataezeka.

Likafika. Ikaja fomu ya halmashauri ya kuombea mabati. Mimi ndiye niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne, basi nikapewa kalamu. Palipoandikwa jina la mwenye ardhi palikuwa na mstari mmoja mfupi. Ukoo mzima usingeenea pale. Nikaandika jina la baba, maana ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Nilijiona mjanja. Hakuna aliyenituma.

Fomu ilisomwa kwenye mkutano wa kijiji. Mjomba mkubwa alisimama taratibu, akavaa kofia yake.

"Kumbe tulikuwa tunamjengea shemeji," alisema, akaondoka.

Nilipiga magoti nikaomba radhi. Baba naye akakana mbele ya wote. Wapi! Wajomba walizuia ujenzi, barua zikashuka mjini, na afisa mmoja ambaye hakuwahi kupanda mlima wetu akaandika kwamba eneo lina mgogoro. Mgogoro wa mstari mmoja, ambao angeumaliza kwa kuja kukaa na wazee asubuhi moja. Mabati yakaenda kata nyingine, tambarare, kunakofika gari. Nina hasira naye, nina hasira na wajomba, lakini aliyeandika ni mimi.

Mdogo wangu alifaulu. Akaenda kupanga chumba bondeni, na kidato cha pili hakijaisha akarudi, godoro lake kichwani. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Sasa maharage yanaota ndani ya lile boma, na yeye ndiye anayeyapalilia. Mwezi uliopita binti yake alipata nafasi ya sekondari, huko huko bondeni. Fomu ya kujiunga ilipofika nilikuwa nimekaa barazani kwake. Kwa mazoea nikanyoosha mkono.

Akaivutia upande wake.

"Niazime kalamu tu, kaka," alisema. "Nitajaza mwenyewe."