Picha Iliyotoka Safi

Kwa miezi kadhaa masikio yangu yalilia kwa sauti nyembamba isiyokoma, na kizunguzungu kilinijia bila hodi. Karani angevumilia. Mimi nalisha magogo kwenye dingdong, mashine yetu ya kupasulia mbao hapa Mafinga, na pale ukipepesuka msumeno haukuulizi unaumwa nini.

Hospitali ya hapa walinipima presha, sukari na malaria hadi wakachoka, wakanituma Mbeya kupiga MRI ya kichwa. Mke wangu akanisindikiza. Nikalazwa ndani ya lile bomba na kuambiwa nisitikisike, kisha likaanza kugonga. Wengine huogopa. Mimi kelele zake zilifunika zangu, nikatamani wasilizime. Niliomba wakute kitu, hata uvimbe, mradi kina jina. Ni aibu kusema, lakini ndivyo nilivyoomba.

Daktari alitugeuzia kioo cha kompyuta. "Picha imetoka safi, mzee," akasema. "Sababu bado hatujaiona."

Mke wangu alisikia nusu ya kwanza tu, akalia kwa furaha. Kabla basi la kurudi halijafika Nyololo, jumuiya yetu yote ya kanisani ilikuwa imeshapigiwa simu.

Jumapili tukapeleka shukrani kanisani, jogoo na debe la mahindi. Kwetu shukrani haitolewi kimya: unasimama mbele ya usharika, na ulicholeta kinanadiwa nje baada ya ibada. Mke wangu akashuhudia kwamba Mungu amenifuta ugonjwa kichwani na daktari mwenyewe ameona. Vigelegele vikapigwa. Sakafu ikaanza kuzunguka, nikakumbatia nguzo nisianguke, na waliokaa mbele wakadhani nimezidiwa na furaha. Nilikasirika, lakini nimkasirikie nani?

Kwenye mnada tajiri wangu, mwenye dingdong, alimnunua jogoo, kisha akanirudishia, kama ilivyo heshima kwetu.

"Fundi, kesho msumeno unakusubiri," akasema. "Umepona, tumshukuru Mungu."

Kukataa kungekuwa kumfanya mke wangu mwongo mbele ya usharika mzima. Nikasema nitakuja. Nikageuka na jogoo kwapani, nikayumba, na mke wangu akawahi kunidaka mkono. Furaha ikamtoka usoni. Sasa naye alijua kwamba sijapona, na tajiri alikuwa bado amesimama pale pale, lakini hakuna kati yetu aliyerudi kumwambia.