Fainali ya Harusi ya Yaya

Neno la kwanza la Kiingereza nililolisoma peke yangu Johannesburg lilikuwa limebandikwa kwenye kioo cha duka la viatu, ng'ambo ya barabara kutoka ilipokuwa cherehani yangu, pale Rosettenville. Lilikuwa na herufi tano nyekundu, kila moja kubwa kuliko kichwa changu: FINAL. Chini yake vilipangwa viatu vilivyoshushwa bei. Nilikuwa na shule ya msingi tu, niliyoisoma Uvira, lakini neno hilo nilidhani nalijua. Kwetu fainali ilikuwa mpira. Siku ya fainali watoto tulijazana chini ya dirisha la jirani mwenye redio. Filimbi ikilia, mmoja anabeba kombe, mwingine analia, na wote wanakwenda kulala. Baada ya fainali hakuna kitu.

Basi nikamkimbilia yaya, dada yangu mkubwa, nikamwambia tuwahi viatu, duka linafungwa.

Yaya alikuwa msusi, na alifika mji huu kabla yangu. Alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo.

"Hiyo karatasi niliikuta," alisema. "Na itatuzika wote."

Alisema kweli. Mwaka ukapita, wekundu ukafifia ukawa rangi ya ufizi. Herufi ya mwisho ikadondoka, ikarudishwa kwa plasta ya kidonda. Viatu vikaendelea kuuzwa. Hapo ndipo nilipoanza kulichunguza lile neno, kama unavyomchunguza jirani anayeaga kila mwezi kwamba anahama.

Niliona kila mtu ana lake. Wateja walishika gauni wakauliza, "Fainali yako ngapi?" Ukitaja bei wanasema, "Hiyo ya kwanza. Nipe fainali ya fainali." Mama yetu aliporudi kutoka ofisi ya karatasi za wakimbizi alilitamka kwa sauti ndogo, akitusimulia habari za mwanamke waliyepanga naye foleni, kwa sababu mle ndani fainali ni jibu lisilo na rufaa. Na jirani yetu Mtanzania, fundi wa simu, alikuja na ya kwao. Ukimwonyesha kitu kipya, kiwe kiatu au mchumba, anakitazama, anatikisa kichwa, anasema, "Fainali uzeeni." Yaani usishangilie mapema, tutajua nani kashinda mkishazeeka.

Halafu kulikuwa na bibi wa Kireno. Aliniletea suruali za marehemu mume wake nizipunguze, azivae mwenyewe bustanini. Kila aliposhangaa alipiga paja na kusema, "Afinal!" Nilitaka kumwuliza, lakini mimi ni mtu niliyekuwa nikizunguka nyuma ya nyumba ili nisikutane na wageni. Nilishona suruali kadhaa kabla sauti haijatoka. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuokota, kwa hiyo tulielewana vizuri. Alinieleza kwamba ni neno lile lile la kwenye kioo, ila kwao halifungi kitu, linafungua. Ulidhani hivi, kumbe ni vile. Nikamwambia sisi tunasema hivyo hivyo, "kumbe." Akajaribu, "Kumbe!", akapiga paja langu badala ya lake. Akaongeza kwamba kaka yake, padri, alimfundisha kuwa huko lilikozaliwa, katika Kilatini, kabla ya kuwa mwisho lilikuwa mpaka wa shamba. Huku kwako, huku kwa mwenzako.

Hilo lilinipendeza kuliko yote. Mipaka naijua, nimevuka kadhaa, na ng'ambo ya kila mmoja palikuwa na mtu anauza mayai ya kuchemsha.

Mwaka 2018 yaya akachumbiwa na dereva mmoja wa kwetu anayekaa Kensington, mji huu huu. Kwetu bwana na bibi harusi hawaingii ukumbini kwa kutembea tu. Mbele yao wanatangulia wasindikizaji, wawili wawili, wanacheza toka mlangoni hadi meza kuu, hatua mbili mbele, moja nyuma. Njia ambayo mtoto mwenye njaa angeikimbia kwa pumzi moja inachukua zaidi ya nusu saa, na wageni wanaona imekwenda haraka. Dansi hiyo inafanyiwa mazoezi wiki nyingi. Wasindikizaji wakicheza vibaya, watu husimulia hata baada ya watoto wa ndoa ile kuanza shule.

Yaya aliniambia huku akinisuka, ili nisiweze kugeuka.

"Zawadi sitaki kwako. Nataka uingie mbele yangu, wewe ndiye wa mwisho kabla yangu, unacheza."

"Mbele ya watu?"

"Hapana, mbele ya kuku. Mbele ya watu, mdogo wangu!"

Tangu nije mji huu nililala kitanda kimoja naye, nilikula alichokula, na hakuwahi kuniomba kitu. Nikakubali, nikiwa naangalia sakafu.

Mazoezi yalikuwa Turffontein, kwenye maegesho nyuma ya kanisa. Mwalimu wetu alikuwa mlinzi wa duka kubwa, mtu mnene, mwepesi kama puto, na alikuja na sare na filimbi ya kazini. Mimi nilipangiwa mdogo wake bwana harusi, kijana mrefu wa kuziba pancha, aliyehesabu hatua kwa kunong'ona na kunikanyaga kila alipofika tatu.

"Pole," alisema.

"Si kitu."

"Pole tena."

Peke yangu nyumbani nilicheza vizuri, hata mama alisema nina kiuno cha bibi yake. Tatizo lilikuwa macho. Mtu akinitazama tu, miguu yangu inakuwa ya mtu mwingine, tena mtu aliyevaa gambuti.

"Wee mama!" mwalimu aliniita, maana wanaume wa kwetu hata msichana humwita mama. "Umeangusha sarafu? Angalia mbele! Muko harusi ao muko kilio?"

Wiki ya tatu akapuliza filimbi akatangaza, "Leo ni fainali!" Wote tukaja na viatu vya kanisani. Tukacheza kama watu wanaokanyaga makaa. "Basi," akasema, "Jumamosi ndiyo fainali." Jumamosi wawili hawakutokea, ikawa Jumamosi nyingine, fainali ya kweli. Ikafuata fainali ya mwisho. Siku hiyo jirani yetu Mtanzania alikuwa amekuja kutengeneza spika.

"Fainali ya mwisho?" aliuliza, bisibisi mdomoni. "Sasa zile nyingine zilikuwa nini, robo fainali?"

"Wewe tengeneza spika."

"Natengeneza. Ila kwa mwendo huu, fainali uzeeni. Bibi harusi atafika meza kuu anatembelea mkongojo."

Tulicheka mpaka mstari ukavunjika. Siku hiyo kulikuwa na mbio kwenye uwanja wa farasi uliokuwa jirani, na mtangazaji alisikika akipiga kelele kwenye vipaza sauti, akizidi kupandisha sauti kama mtu anayeungua. "Sikieni!" mwalimu alifoka, naye mwenyewe anacheka. "Hata farasi wanafika! Farasi!"

Baada ya hapo akanivuta pembeni. Hakufoka.

"Mama, niambie ukweli. Upande wa mume kuna msichana anajua hatua zote. Niweke yule?"

Nilimjua. Alikuja kila mazoezi akasimama kando, kiuno kimeshaanza bila yeye. Nikamtazama yaya. Alikuwa ameketi juu ya tairi, anakula chipsi za kwenye karatasi, anaangalia upande mwingine kwa makusudi, lakini alishaacha kutafuna. Alikuwa amesema nyumbani, nikasikia kupitia mlango, kwamba nisipocheza mimi, nafasi ile ibaki wazi hivyo hivyo mbele yake. Niliiona nafasi hiyo inavyoingia ukumbini peke yake, hatua mbili mbele, moja nyuma.

"Mwalimu," nikasema, "fainali bado."

Alicheka mpaka filimbi ikamtoka mdomoni ikabaki inaning'inia. Toka hapo kila aliponiona alinipigia saluti.

Asubuhi ya harusi begi la yaya lilikuwa mlangoni, na kitanda chetu kilionekana kipana kupita kiasi. Nilimfunga vifungo vya gauni, nililolishona mimi. Viatu alinunua pale pale kwenye karatasi ya rangi ya ufizi.

Ilikuwa baridi, jua lilizama mapema, na tulipopangwa mlangoni nje kulikuwa giza. Ndani taa zilikuwa kali, na watu wengi kuliko nilivyopata kuona wakitazama upande mmoja. Muziki ukaanza. Jozi ya kwanza ikaingia, ya pili, ya tatu. Zamu yetu. Niliinua uso kama nilivyofundishwa, nikaona macho, na mara hiyo hiyo gambuti zikarudi. Mwenzangu alininong'onea, "Moja, mbili, pole, moja, mbili." Tukajikokota hivyo mpaka katikati ya ukumbi. Nyuma yangu nilisikia gauni la yaya linafuata taratibu, linanisubiri.

Hapo umeme ukakatika.

Spika ikakoroma ikanyamaza. Ukumbi mzima ukawa ndani ya gunia. Mwanamke mmoja akasema, "Yesu!" Mtoto akaanza kulia. Filimbi ya mwalimu ililia mbali, karibu na spika, lakini yeye mwenyewe alikuwa amejikwaa kwenye waya na tulimsikia akigombana na kiti.

"Mdogo wangu?" yaya aliita nyuma yangu. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Tunafanyaje?"

Nilitaka kusema sijui. Lakini kuna jambo nililigundua pale: hakuna mtu anayeniona. Hata mmoja. Ukumbi mzima, na hakuna jicho. Nikasikia visigino vinagonga sakafu, ta-ta, ta. Ta-ta, ta. Vilikuwa vyangu.

"Unafanya nini?" mwenzangu aliuliza.

"Naendelea."

"Gizani?"

"Wewe hesabu tu."

Akahesabu, na kwa mara ya kwanza hakunikanyaga. Nikaanza kupiga makofi. Kisha nikasikia mtu anapaza sauti kama mwalimu, "Mbili mbele! Moja nyuma! Mbili mbele!" na nilikuwa nimeshaisikia mara kadhaa kabla sijajua kwamba mtu huyo ni mimi. Jozi za mbele zikaitikia. Akina mama wakapokea makofi, wakapiga vigelegele, wengine wakagonga sahani kwa vijiko, na mzee mmoja akapiga meza kwa viganja kama ngoma. Yaya alikuwa anacheka nyuma yangu, kile kicheko cha juu ya ndoo.

Kisha watu wakakumbuka simu zao. Tochi moja ikawaka, ya pili, halafu zote, na zote zikageuzwa upande wetu. Macho yale yale, na sasa kila moja lina taa yake. Nikajiambia nisimame. Miguu ikakataa. Ilikuwa yangu, na ilikuwa na raha zake, nikaona bora niifuate. Nilizunguka, jambo ambalo halikuwemo kwenye mazoezi. Mwenzangu akashangaa, naye akazunguka, upande usio sahihi, tukagongana, watu wakapiga kelele za furaha. Yule msichana wa upande wa mume alisimama juu ya kiti akanishangilia kuliko wote.

Tukafika meza kuu. Bwana harusi akaketi akashika kijiko papo hapo. Na umeme ukarudi, kama mtu aliyekuwa anasubiri kijiko hicho.

Mwalimu alikuja anachechemea, waya umemzunguka mguuni, anafuta machozi kwa kofia ya kazini. Nyuma yake alikuja mpiga video, kamera begani, uso umemshuka.

"Samahani, wazazi," alisema. "Samahani sana. Kamera yangu haikupata kitu. Taa zangu zinatumia umeme huu huu. Kuanzia katikati ni giza na kelele tu."

Kule nyuma, karibu na jikoni, sauti ya Mtanzania wetu ikasema taratibu, "Fainali uzeeni."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni mama. Mwalimu akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote.

"Wote mlangoni! Ile ilikuwa mazoezi! Sasa ndiyo fainali!"

"Na chakula?" akauliza bwana harusi.

"Chakula hakichezi!"

Yaya alinitazama mimi, si mwalimu. Nilipiga paja langu nikasema, "Kumbe!" Akavua viatu, akavishika mkononi, akakusanya gauni lote kifuani, tukakimbia katikati ya meza huku watu wanavuta viti kutupisha. Nilifika mlangoni wa kwanza.

"Harakisha!" nilimpigia kelele mwenzangu, aliyekuwa bado anaomba radhi kwa bibi mmoja aliyemkanyaga.

Tukajipanga. Taa zote zilikuwa zinawaka, na wote walikuwa wametugeukia. Niliinua uso. Filimbi ilichelewa kidogo, nikaanza kabla yake.