Sikutaja Chupa Iliyoshinda

Watu wa kwetu Munje mpaka leo wanasema mimi ndiye niliyemnyima mamangu mkubwa chupa. Wacha waseme. Chupa sikumnyima. Nilichokataa ni yeye kuacha vidonge vya presha, na hilo nitalikataa hata nikiitwa mbele ya kadhi.

Mamangu mkubwa ni dada yake mamangu, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka mitatu. Mtu akimgusa huyo, amenigusa mimi jichoni. Ana presha ya kupanda, na vidonge anapewa kliniki kila mwezi. Alivichukia. Alisema vinamvimbisha miguu mpaka kandambili hazimwingii. Kliniki akisema, anaambiwa, "Endelea tu na dawa, mama." Basi anarudi nyumbani anavitazama vile vidonge kama mkwe asiyemtaka aliyekuja kukaa.

Sasa, ana shoga yake. Huyu mama anauza machungwa, anayateremsha kutoka Shimba Hills, wazee wake walitoka bara wakapewa mashamba kule. Yeye mtu wa kanisa, mamangu mkubwa mtu wa swala tano, na hawajawahi kugombana hata siku moja. Siku mamangu mkubwa alipoanguka sokoni, huyu mama aliyaacha machungwa yake yakabingirika barabarani, akamshika kichwa mapajani mpaka gari likapatikana. Kwa hiyo akisema neno, pale nyumbani linasikizwa kuliko la daktari. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa mtu mwema.

Siku moja akaja na chupa yake ya haidrojeni. Mimi sikuwepo, lakini nimesimuliwa mara nyingi sana hata naiona.

"Shoga, hii kitu unabonyeza hapa tu. Maji inachemka na hakuna moto. Inaingia haidrojeni, inasafisha damu. Si unajua vile magoti yangu ilikuwa? Sasa niangalie."

"Na presha?"

"Hata presha, wanasema."

Mamangu mkubwa akasikia presha. Lile "wanasema" halikumfikia.

Kesho yake akanipigia simu nikiwa kazini. Mimi nafanya kazi hotelini, Diani, naangalia bwawa la kuogelea. Waliniajiri niokote majani na kupanga viti. Kupima maji nilijifundisha mwenyewe. Nilisoma migongo ya ndoo za dawa, nikamuuliza fundi maswali mpaka akawa akiniona anajificha nyuma ya pampu, nikatazama video usiku na mchana. Shule niliishia kidato cha pili, na sioni haya kusema. Leo yule fundi akitaka kujua maji yamekaaje, ananiuliza mimi.

"Wewe ndiye mtu wa maji," mamangu mkubwa akaniambia. "Nataka hiyo chupa, lakini sitaki kupigwa. Nilinganishie, unichagulie iliyo bora. Nikiipata tu, hivi vidonge navitupa chooni."

"Mama, vidonge huviachi."

"Nimekuuliza chupa. Vidonge nimekuuliza?"

Akakata simu.

Nilikasirika, lakini kazi niliifanya, tena niliifanya sawasawa. Akinituma mimi, hata kama anakosea, natumika. Wiki nzima nilikuwa na daftari. Chupa ya kwanza ilikuwa ya yule mama wa machungwa. Ya pili nilipewa Ukunda na msichana niliyesoma naye madrasa, anauza katika duka la simu. Akaitoa dirishani kwa siku mbili, akabaki na kitambulisho changu. Ya tatu ni ya dada anayekanda wageni hotelini, yeye anaipenda chupa yake kama mtoto, akaniapisha nisiiangushe.

Nikaanza kuzichimba. Kila boksi lina namba zake kubwa za haidrojeni, na hakuna linalosema nani alipima. Nikamwandikia muuzaji mmoja wa mtandaoni: "Hii namba alipima nani?" Akanijibu kwa kopa jekundu na picha ya mwanamke anakimbia ufuoni. Nikamwandikia tena: "Huyu anayekimbia ndiye aliyepima?" Akanifungia.

Haya, namba nikaziweka kando, nikatazama chombo chenyewe. Ndani, chini kabisa, kuna bamba mbili ndogo za chuma. Umeme ukipita, maji yanapasuka, haidrojeni huku, hewa nyingine kule. Chupa nzuri ina utando katikati ya bamba, na chini ina kitundu cha kutolea ile hewa isiyotakiwa. Ya pili ilikuwa na kitundu. Ya tatu pia. Ya mama wa machungwa nikaigeuza, nikaipangusa, nikaimulika kwa simu. Laini kama yai. Nikatazama pia mdomo kama mkono unaingia kusugua, kifuniko kama kinavuja, chaja kama ni ya kawaida au ni ile ikipotea umepoteza na chupa.

Na nikatafuta jambo moja zaidi: nani anasema maji haya yanashika nafasi ya dawa ya presha? Kila aliyesema hivyo, ukishuka chini ya ukurasa, ana chupa anauza. Wasiouza chupa walikuwa wanasema labda, labda, bado twatazama. Nikaliandika hilo katika daftari, nikalipigia mistari miwili.

Jumapili nikaenda Munje. Mamangu mkubwa alikuwa ameshaita watu. Yule shoga yake alikuwa ametoka kanisani, amevaa gauni la kijani. Jirani yetu mwenye mdomo alikuwepo pia, yule asiyekosa msiba wala harusi. Meza ikatolewa barazani, chupa tatu zikapangwa, chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, ikamiminwa.

"Kama mashindano ya ng'ombe," jirani akasema. "Hii ya kati imenona."

"Nyamaza, uone," mamangu mkubwa akasema. Akaingia ndani, akatoka na mtungi wa maji ya kisima.

Hapa nieleze. Maji ya kisima chetu yana munyu, chumvi kidogo tu, ulimi wa mgeni unashtuka. Sisi tumekulia hayo. Tena watu wa kwetu wanajivunia, wanasema maji ya mji ni mepesi, hayashibishi. Kwa hiyo hakuna aliyewaza mara mbili. Kila nyumba yenye hii chupa kule kwetu hutia maji ya kisima. Mimi mwenyewe, na daftari langu lote, sikuwa nimewaza.

Akajaza ya mama wa machungwa kwanza. Akabonyeza. Taa ya buluu ikawaka, na maji yakachafuka! Mapovu yalipanda kama sufuria ya maziwa inataka kumwagika.

"Haya! Haya!" jirani akapiga makofi. "Maji ya Munje hayo! Yana nguvu!"

"Si niliwaambia?" mama wa machungwa akasema. "Hata kwangu haichemki hivi. Nyinyi mko na maji kali."

"Hii ndiyo," mamangu mkubwa akasema. "Hizo nyingine za nini?" Akamimina kikombe, akakiinua.

Harufu ikanifikia. Wallahi niliijua kabla akili haijaijua. Ni harufu ninayovaa kila siku kwenye nguo, inayokataa kutoka hata kwa sabuni. Bwawa.

"Usinywe!"

Nikamnyang'anya kikombe. Ndiyo, nilimnyang'anya mamangu mkubwa kikombe mbele ya wageni, chai ikamwagika, gauni la kijani likalowa.

"Una wazimu?" akaniuliza.

"Nusa, mama."

"Niyanuse maji?"

"Nusa!"

Akanusa. Uso ukamkunjamana. Nikatoa mkobani kile kichupa cha matone tunachopimia bwawa. Klorini ikiwepo, maji hugeuka manjano. Nikadondosha matone kikombeni. Manjano, kama mkojo wa asubuhi, watu wote wakaona. Nikaisuuza chupa ile ile, nikatia maji ya dukani niliyokuja nayo, nikabonyeza. Vipovu vichache tu, vyembamba. Nikadondosha. Meupe.

"Kinachochemka si nguvu," nikawaambia. "Ni chumvi yetu. Hotelini tuna mashine, tunatia chumvi bwawani, inapita kwenye bamba zenye umeme, inatoka dawa ya kuulia uchafu. Hii ni mashine hiyo hiyo, ila ndogo. Mwataka kunywa bwawa la wazungu?"

"Na walivyo na mikojo," jirani akasema, akalisogeza bilauri lake mbali.

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini mimi mdomo wangu ukiwaka hauzimiki upesi. Nikamgeukia yule mama wa machungwa. "Na wewe, mama, unamletea mgonjwa sumu, unamwambia aache dawa! Ungemuua ungesema nini?"



"Mimi?" akasema polepole. "Mimi ndiye nimuue huyu?"

"Mwombe radhi," mamangu mkubwa akaniambia. "Sasa hivi."

"Kwa sauti nitaomba radhi. Nimepaza sauti, nisamehe, mama. Kwa maneno, siombi."

Mamangu mkubwa akanitazama jicho ambalo utotoni lilinitosha kunilaza. Kisha, badala ya kunifukuza, akazigeukia zile chupa mbili zilizobaki. Akauliza kwa upole, na upole wake ndio hatari. "Sawa. Hii mbovu. Wewe umesoma, umepima, umeandika. Kati ya hizi mbili, iliyo bora ni ipi?"

Nikaelewa papo hapo. Nikimtajia chupa nzuri, nimempa kisingizio kizuri. Ile mbovu angalau ingemtapisha akaacha. Hii ingekaa kimya mkononi mwake huku presha ikimla.

"Sikwambii."

"Unasemaje?"

"Sikwambii, mama. Naijua, na sikwambii. Nitakutajia siku ukimeza vidonge mbele yangu."

Jirani akashusha kikombe chake cha chai. Kwetu mzee akikutuma jambo, ukalifanya, humnyimi jibu lake, tena mbele ya watu. Nililijua hilo. Nilisimama hivyo hivyo.

"Basi hata usijisumbue," mamangu mkubwa akasema. "Vidonge nimeviacha tangu Ijumaa, si hii ya juzi, ile ya nyuma yake."

Siku tisa! Nilihesabu kwa vidole kama mtoto. Siku tisa presha yake ilikuwa inatembea bila kizuizi, na mimi naandika mambo ya vifuniko vinavyovuja. Nikalia, nikiwa nimesimama, kwa hasira.

Mama wa machungwa akamgeukia shoga yake. "Umeacha?" akamuuliza. "Umeacha kabisa?"

"Si wewe uliniambia maji yanatosha?"

"Mimi nilisema yanasaidia. Shoga, mimi sijaacha." Akafungua mkoba wake wa kanisani, akatoa pakiti ya vidonge, imebaki nusu. "Mimi naye niko na presha, mwaka wa nne huu. Nameza kila asubuhi, halafu ndio nakunywa hiyo maji."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe hukuniuliza. Na nani anapenda kutangaza ugonjwa?"

Mamangu mkubwa akaichukua ile pakiti, akaigeuzageuza. Akalisoma jina kwa taabu. Lilikuwa lile lile la kwake.

"Na miguu?" akauliza. "Haikuvimbi?"

"Ilivimba. Nikarudi kwa daktari nikakaa pale kwa benchi, nikakataa kutoka mpaka akanisikiza. Akanipa hii na nyingine ndogo."

"Ukakataa kutoka?"

"Nilikuwa na machungwa mbili kwa mkoba. Nilikula nikangoja."

Nikawatazama wale wazee wawili wameinamia pakiti moja, na nakiri, niliona wivu. Mimi nimefanya wiki nzima ya kazi, nimegeuza maji manjano, nimevunja adabu, hakusogea hata hatua. Huyu kafungua mkoba tu. Lakini ningechukia nini? Alisogea.

Akaingia ndani, akatoka na vyake, vile ambavyo kumbe hakuvitupa chooni, alivificha ndani ya kopo la majani ya chai. "Nimeze vya siku zote tisa?" akaniuliza, bado amenuna.

"La! Kimoja tu, kama kawaida. Na kesho asubuhi tuko kliniki."

Akakimeza kwa maji ya dukani. Akapanua mdomo nione, kwa kebehi, akatoa na ulimi.

Jumatatu tulikwenda watatu. Sikuomba ruhusa kazini, nilituma ujumbe kwamba nina mgonjwa, wakitaka wanikate siku, wakate. Presha yake ilipopimwa, yule daktari kijana aliacha kuandika, akapima tena. Akaanza kumgombeza, nikamkata. "Kabla hujamgombeza, miguu imevimba miezi sita, amewaambia. Nani aliandika?" Akafungua kitabu. Hakuna aliyeandika. Alivuta kiti, akamgusa mamangu mkubwa vifundo vya miguu, mtu wa kwanza kuvigusa, akambadilishia dawa.

Njiani kurudi ndipo nikamtajia: ya pili, ile ya Ukunda, kwa sababu mkono unaingia kusugua na chaja ni ya kawaida, na maji atie ya dukani au ya mvua. Nikamwambia pia, magoti sijui, damu sijui, presha hapana. Akasema atafikiria. Mpaka leo anafikiria.

Mimi nampigia simu kila asubuhi nikianza kupima bwawa. Namuuliza, "Umemeza?" Ananijibu, "Nimemeza, mkaguzi, hujambo kwanza?" Siku nyingine anapokea kwa matusi. Jirani anasema simheshimu. Na mamangu mkubwa namuuliza tena: umemeza?