Sukari Aliyomsingizia Mama

Uongo wenyewe ulikuwa mfupi, wala Stanislausi hakuupanga. Alikuwa amesimama mbele ya meza ya bosi wake, Mhandisi Lucy, Jumatatu asubuhi, na Lucy alikuwa akimsomea ratiba ya wiki: siku mbili Guta, siku tatu Kisorya, kulala hukohuko. Aliposikia neno kulala akaona mbele yake kibakuli cha maji kilichokauka sakafuni kwake Mwisenge, mjini Musoma, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Kulala sitaweza, bosi. Mama yangu yupo kwangu. Anaumwa sukari. Lazima achomwe sindano saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na mwenyewe hawezi."

Lucy aliweka kalamu chini. "Pole sana, Baba Nyangi. Mbona hukusema mapema?"

Hakusema mapema kwa sababu mama yake alikuwa Butiama, mzima, akipalilia mihogo. Aliyekuwa anaumwa sukari ni paka.

Stanislausi Werema alikuwa na miaka hamsini na miwili, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimaliza akiinamia visima. Ni fundi pampu. Kutoka Musoma hadi Bunda hakuna pampu ya mkono asiyoijua kwa mlio wake. Alizaliwa kwenye boma la ng'ombe, kwa watu ambao mnyama anayestahili kuzungumzwa na wanaume ni ng'ombe, na paka huwekwa nyumbani kwa ajili ya panya kama ufagio unavyowekwa kwa ajili ya vumbi. Hakuna mtu anayeomba ruhusa kazini kwa sababu ya ufagio.

Paka huyo alipewa jina na Jeska, mkewe. Alimwita Furu, kwa sababu alipokuwa mdogo aliiba furu wote, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokuwa wameanikwa uani. Jeska alifariki miaka minne iliyopita. Binti yao Nyangi akaenda kusoma Dodoma. Nyumbani wakabaki wawili, na polepole, bila kujiambia kwamba anafanya hivyo, Stanislausi akaanza kumsimulia Furu habari za kazi: valvu iliyoliwa na kutu, mwenyekiti wa kijiji aliyeficha spana. Furu alikuwa msikilizaji mzuri.

Kisha Furu akaanza kunywa maji kama mbuzi wa kiangazi. Alikula, tena sana, lakini mifupa ya mgongo ikazidi kuonekana. Stanislausi alimtia kwenye mfuko wa vifaa vyake, akafunga zipu nusu, akapanda bodaboda hadi kwa Onesmo, daktari wa mifugo mwenye duka la dawa karibu na soko. Alichagua ule mfuko ili asiulizwe amebeba nini.

Onesmo, aliyezoea ng'ombe, alimtoboa Furu ukingo wa sikio, akaweka tone la damu kwenye kipimo kilekile cha watu, akapiga mluzi.

"Sukari, fundi. Ishirini na sita."

"Paka?"

"Paka ana kongosho kama wewe. Uniti moja asubuhi, uniti moja jioni, akishakula. Na ugali basi. Samaki na nyama tu." Akacheka. "Kuna wazee hapa mjini wameshindwa kuacha ugali, sijui huyu."

"Na nikiruka siku moja?"

"Siku moja hafi. Ukizoea kuruka utamkuta ameanguka."

Wiki iliyofuata, bomba liliporomokea kisimani Guta, akalala huko siku mbili. Aliporudi alimkuta Furu amelala ubavu kando ya beseni, anahema kwa shida, pumzi yake inanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Onesmo alimwekea dripu toka asubuhi hadi mchana. Alipomrudisha mikononi mwake hakucheka tena.

"Safari nyingine usije kwangu. Chukua jembe."

Ndiyo maana Jumatatu ile uongo ulitoka wenyewe.

Ulifanya kazi kuliko alivyotaka. Lucy alipanga upya ratiba yote: Stanislausi apewe visima vya karibu, arudi nyumbani kila jioni. Kisorya, ambako lazima mtu alale, Lucy alikwenda mwenyewe na dereva, akamwacha kwa mama mkwe mtoto wake wa miezi saba. Na huyo dereva, Renatus, mwanakwaya, ambaye hawashi gari kabla ya kusali, aliuliza asubuhi ya kwanza:

"Fundi, mama anaitwa nani? Nimtaje."

"Wegesa."

"Na mama yetu Wegesa, Bwana, umguse kongosho lake."

"Amina," akasema Stanislausi, na kila asubuhi waliyopanda gari pamoja neno hilo likazidi kuwa gumu kumeza. Kumtajia mama yako ugonjwa asio nao, mbele za Mungu, asubuhi baada ya asubuhi! Aliogopa hata kumpigia simu, asije akamsikia anakohoa.

Kitu kimoja alikisahau, yeye aliyekulia hapahapa: watu wa kwao humwendea mgonjwa. Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, Lucy alimsimamisha mlangoni pa ofisi.

"Jumamosi tunakuja Mwisenge kumwona mama. Tumechelewa mpaka inatia aibu."

"Hayupo, bosi. Amekwenda Butiama kwenye msiba, mpaka Jumatatu."

"Na sindano?"

"Kuna jirani nesi kule."

Uso wa Lucy ukafurahi. "Basi vizuri. Kesho si tuna pampu Butiama? Tutampitia hukohuko."

Alimpigia mama yake simu mara tisa. Simu ya bibi Wegesa hupatikana siku ya mnada tu.

Ijumaa saa tisa alasiri, kazi ilipokwisha, gari likakata kushoto kuelekea boma la kina Werema. Nyuma kulikuwa na dumu la maziwa, unga wa ulezi, kitenge, na jogoo wa Renatus aliyefungwa miguu. Stanislausi alikaa katikati, magoti yamebanana, akiona kila jiwe la njia ile aliyopitisha ng'ombe utotoni likimkaribia.

Walimkuta mama yake barabarani. Alikuwa anapanda mlima na mzigo wa kuni kichwani, bila kuushika, hatua zake fupi na za haraka.

Renatus akafunga breki. "Huyu ndiye mgonjwa?"

Lucy alishateremka, anapiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, na hali hiyo unabeba kuni? Sukari si itakuangusha?"

Bibi Wegesa alimtazama Lucy. Akalitazama dumu, akamtazama jogoo, akamtazama mwanawe. Stanislausi aliangalia viatu vyake. Kisha mama yake akashusha kuni polepole, mkono mmoja kiunoni, akatoa pumzi ndefu.

"Najikongoja tu, mwanangu. Haya magonjwa ya siku hizi."

"Na sindano unachomwa?"

"Nachomwaga. Inapanda, inashuka, hivyohivyo."

Walimshika mikono wakamwongoza nyumbani kama yai, yeye ambaye asubuhi hiyo alikuwa amelima matuta manne. Alikubali kitenge. Alikubali pole. Aliagiza jogoo achinjwe, maana anayekuja kumwona mgonjwa harudi na njaa, na Renatus akakunja mikono ya shati akiimba.

"Stani," mama yake akaita kutoka jikoni, "njoo unishikie sufuria."

Hakukuwa na sufuria ya kushikwa. Alikuwa amechuchumaa anapuliza moto.

"Nani anaumwa?"

"Paka."

"Paka yupi?"

"Wa Jeska."

Aliendelea kupuliza mpaka ule moto ukashika, na hata uliposhika hakugeuka. "Jeska alipolazwa Mwanza miezi mitatu, ulikwenda mara ngapi?"

"Mama, wakati ule kazi zilikuwa..."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Mbili. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha. Kila mlango ukifunguka alikuwaga anageuza kichwa. Nikawa namwambia, mwenzako kazi imembana, hawampi ruhusa." Akaweka kuni moja zaidi. "Kumbe ruhusa zipo. Ni kuomba tu."

Stanislausi alisimama pale mpaka moshi ukamtoa machozi, na hakujua kama anashukuru kupata moshi au la. Ilikuwa kweli. Hakuwahi kuomba. Wakati ule alijiona mwanamume anayejua wajibu, na watu wa Kisorya walimsifu kwa kumaliza kisima chao mkewe akiwa hospitali. Alizipokea sifa zile. Alizila kama chakula.

Aliporudi sebuleni ilikuwa saa kumi na moja. Jogoo alikuwa mzee, atachemka muda mrefu. Kutoka Butiama hadi Mwisenge ni mwendo wa saa nzima, na Furu hajapata sindano ya jioni. Hapo ndipo alipouona mtego alioutega mwenyewe: mama yupo Butiama, nesi yupo jirani, basi yeye hana haraka yoyote. Hakuna tena sababu duniani ya kumwahisha Musoma.

Lucy alikuwa anaongea na simu. "Bado anaharisha? Mpe maji, mama, nitawahi." Akakata, akatabasamu kwa uchovu. "Tangu nilipotoka Kisorya mtoto hataki chupa. Lakini ndiyo maisha, Baba Nyangi. Mama ni mmoja."

Stanislausi akasimama.

"Bosi, mama haumwi. Mwaka huu hajaumwa hata malaria. Anayeumwa sukari ni paka wangu, na sindano yake ni saa kumi na mbili."

Renatus alicheka kwanza, kisu mkononi, akisubiri sehemu ya kuchekesha iliyobaki. Haikuja.

"Fundi. Nimemwombea paka wiki tatu?"

"Umemwombea mama. Paka hukumtaja."

"Wewe! Na mimi nikafunga Jumatano!"

Lucy hakucheka. Aliweka simu mapajani, akailaza kifudifudi. "Kisorya nimelala siku ngapi?"

"Sita."

"Sita. Na mwanangu ana miezi saba."

"Mimi nami nimemsaidia kudanganya," bibi Wegesa akasema toka mlangoni. "Mnisamehe, wanangu. Nilimwonea huruma." Hapo Stanislausi alitamani wamtukane. Mama wa miaka sabini na nane, hajawahi kumwomba mtu msamaha mbele yake, anaomba sasa akiwa amejifunga kitenge kipya cha mgonjwa.

Lucy akainuka. "Saa kumi na mbili ni kweli?"

"Ni kweli."

"Renatus, washa gari."

"Na jogoo?"

"Jogoo ni wa mwenye nyumba."

Walipofika Mwisenge, Lucy hakuteremka wala hakumtazama. "Jumatatu ni Kisorya, siku tatu. Utalala wewe. Paka utajua mwenyewe." Gari likaondoka kabla hajaaga.

Furu alikuwa nyuma ya mlango, hai, anadai chakula kwa sauti kavu. Stanislausi alimlisha, akamchoma, saa kumi na mbili imepita kwa dakika ishirini. Kisha akakaa sakafuni. Alijaribu kukumbuka chumba cha Jeska kule Mwanza, kitanda kilikuwa upande gani wa dirisha. Hakukumbuka.

Jumatatu alifika ofisini na kreti la soda. Juu amelifunika kwa waya wa kuku, ndani yumo Furu juu ya sweta. Dawa ilikuwa kwenye chupa ya chai yenye barafu. Alipita nalo getini, akapita mbele ya makarani, akalipakia nyuma ya gari bila kulificha. Lucy alimwona dirishani, akarudi kwenye karatasi zake. Renatus, katika sala, alipofika pale pa wagonjwa alisita. "Na wote wanaoumwa, Bwana. Unawajua." Akawasha gari.

Kisorya kazi ilikwenda mpaka jioni. Saa kumi na mbili wanawake walikuwa wamejipanga na ndoo, na mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee Samwel, alikuwa kwenye kiti chake. Stanislausi aliweka spana chini.

"Naomba dakika tano, mzee."

Alifungua kreti. Watu wakasogea.

"Fundi, hicho ni nini?"

"Paka. Ana sukari. Namchoma sindano."

"Kila siku?"

"Mara mbili."

Mzee Samwel akainama kwenye fimbo yake. "Wewe si mtoto wa Werema? Werema yule wa Butiama, wa ng'ombe?"

"Ndiye baba yangu."

"Ni heri alishalala, asiyaone haya."

Kicheko kilipita foleni yote, mwanzo hadi mwisho, kikarudi. Mmoja akauliza kama paka anapimwa na presha. Mwingine akasema mumewe aletwe, naye afungiwe kwenye kreti labda atakubali kuchomwa. Stanislausi aliwaacha. Alimwekea Furu samaki, akangoja ale.

Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa mbele ya foleni, hakuwa amecheka. "Mkeo yeye anasemaje?"

"Alifariki."

"Pole, baba." Akakiangalia kile kijisindano, akaangalia jinsi mkono wa fundi ulivyokwisha kujifunza kuinua ngozi ya shingo bila kuumiza. "Huyo mkeo naona alipata wa kumuuguza."

Angeweza kuinamisha kichwa tu. Watu wangechukua hivyo.

"Hapana," akasema. "Sikumuuguza. Nilikuwa hapahapa, nachimba hiki kisima."

Kicheko kikaisha. Alivuta dawa, akahakikisha ni uniti moja, lakini kivuli cha watu kilikuwa kimeangukia sindano na hakuweza kuziona alama. Yule mama akainua ndoo yake, akasogea pembeni kuupisha mwanga.